Alama Nyekundu ya Dagros

Kahawa ilikuwa tayari jikoni, lakini Sigvor Nesheim hakumimina hata kikombe kimoja. Alikaa ameligeuzia dirisha mgongo, akizungusha mkono wa mashine ya malai, taratibu, mizunguko sitini kwa dakika kama alivyofundishwa siku ile mashine ilipotolewa kwenye sanduku lake. Malai yalitoka bomba hili, membamba kama uzi, na maziwa mepesi yakatoka bomba lile. Uani walikuwapo wanaume wawili. Mmoja alikuwa shemeji yake, Anfin, mdogo wa marehemu mumewe. Wa pili alikuwa mtu wa serikali.

Kumnyima mgeni kahawa si jambo dogo katika nyumba za Wanorwe wa Dakota Kaskazini. Mwuza sindano hupewa. Hata jirani mliyefikishana mahakamani kwa ajili ya mpaka wa shamba hupewa kwanza, na kipande cha sukari cha kubana menoni, halafu ndipo mtukanane. Mtu wa serikali alikuwa amesimama juani tangu saa mbili, na harufu ya kahawa ilikuwa inamfikia alipo. Sigvor alijua inamfikia. Alikuwa ameuacha mlango wazi makusudi.

Anfin aliingia akavua kofia. Alikuwa mzee wa miaka sitini na minne, mrefu, mwenye shingo nyekundu iliyokunjamana kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa.

"Shemeji, bwana Prouty amesimama juani."

"Jua si langu."

"Anauliza ni ng'ombe wawili gani wabaki. Njoo utuoneshe. Wewe ndiye unayewajua."

"Awaulize wenyewe. Wana midomo."

"Sigvor."

"Nimesema sitoki. Ulitia sahihi peke yako, chagua peke yako."

Anfin alisimama kidogo, akaitazama kahawa, kisha akatoka. Aliufunga mlango nyuma yake na kwa mguu akasogeza tena kitambaa kilicholowa maji kizingitini, maana vumbi la mwaka ule wa thelathini na nne lilikuwa linapita hata tundu la ufunguo. Sigvor aliendelea kuzungusha mashine. Baadaye aliwasikia ng'ombe wakiswagwa uani, na sauti ya Anfin ikisema, "Huyu. Na huyu hapa mweusi." Hakugeuka.

Ulikuwa mwaka wa tatu bila mvua ya maana. Ziwa lililokuwa nyuma ya shamba, lile ambalo mumewe Torstein alikuwa akipiga bata, lilikuwa limebaki sahani nyeupe ya chumvi. Ngano ilichipua vidole vinne ikafa. Kilichoota peke yake ni mbigili, na watu waliikata ikiwa bado ya kijani, wakaitia chumvi, wakawapa ng'ombe, na ng'ombe wakaharisha hadi mifupa ya nyonga ikatokeza kama vishikio vya jembe. Anfin alikuwa amelipima tita la nyasi kavu kwa fimbo, akapima tena, akasema lingetosha ng'ombe wawili hadi majira ya kuchipua, nao walikuwa na ng'ombe kumi na mmoja. Sokoni ng'ombe alishindwa hata kulipa nauli yake ya treni. Ndipo serikali ikatangaza kwamba itawanunua. Wenye nguvu ya kutembea hadi kituo cha reli wangepakiwa. Wasio na nguvu wangepigwa risasi papo hapo shambani na kufukiwa.

Jioni Sigvor alichukua ndoo na kigoda akaenda zizini. Alama za waliouzwa zilikuwa nyongani upande wa kushoto, rangi nyekundu, pana kama kiganja. Alipita nyuma ya safu yao bila kusema kitu, akihesabu kwa macho. Rosa alikuwa nayo. Litago alikuwa nayo. Fagerlin, Stjerna, wale mitamba wanne. Alipofika mwisho wa safu alikiweka kigoda chini, lakini hakukaa.

Dagros alikuwa na alama. Waliobaki bila rangi walikuwa Svartros na Gullhorn.

Svartros alikuwa mnene kwa sababu hakuwa amezaa mwaka wa pili sasa. Gullhorn alikuwa na mgongo mzuri wa duara kwa sababu alikauka tangu Pasaka. Walikula wakajiwekea wenyewe. Dagros mbavu zake ulizihesabu ukiwa barabarani, kwa kuwa kila jani alilolitafuna lilishuka kwenye kiwele, na tena alikuwa na mimba ya miezi minne. Malai yaliyopita kwenye ile mashine asubuhi, nusu yake yalikuwa ya Dagros. Mwanamke yeyote aliyewahi kukaa chini ya ng'ombe angeliona hilo bila kuambiwa.

Lakini wanaume wa Nesheim hawakukaa chini ya ng'ombe. Ndivyo ilivyokuwa huko Norwe na ndivyo walivyokuja nayo. Farasi na jembe ni vya mwanamume, kiwele ni cha mwanamke. Mwaka Sigvor alipougua mapafu, Torstein alitembea maili nne kwenye theluji kwenda kumwita mke wa jirani aje akamue, kuliko yeye kukalia kile kigoda. Anfin naye angeweza kumtambua farasi gizani kwa mshindo wa kwato, ila ng'ombe kwake walikuwa vitu kumi na kimoja vyenye pembe. Alipoulizwa achague, alichagua kama mtu anayechagua viazi.

Sigvor aliporudi ndani alimkuta Anfin mezani, amekwisha kukata mkate.

"Umewaacha tasa na mkavu," Sigvor alisema. "Umewaua wenye maziwa."

Anfin aliacha kutafuna. "Nimewaacha wenye afya."

"Wana afya kwa sababu hawana kazi. Kama wewe."

"Nilikuita. Uliniambia niwaulize wenyewe."

Aliiweka ndoo chini kwa kishindo hadi maziwa yakaruka.

"Nani aliwaambia watu walime hadi kwenye ukingo wa ziwa?" alisema. "Wakati wa vita, nani alikuja kanisani na mabango, akasema limeni ngano, limeni hata malisho, nchi inawahitaji? Bei ilipoanguka, aliyekuja na bango alikuwa wapi? Benki zilipofungwa alikuwa wapi? Miaka kumi na mitano hatukumwona. Leo amekuja, na amekuja na bunduki."

"Angekaa huko huko ungesema ametutupa."

"Ningesema. Na ingekuwa kweli."

"Sasa amekuja, na hilo nalo ni kosa. Shemeji, nikuulize. Asipokuja yeye, nani atakuja? Lutefisk, samaki wa magadi wa kina mama wa kanisa, watalisha ng'ombe kumi na mmoja?"

"Mvua itakuja."

"Mvua," Anfin alisema, akafuta kisu kwenye suruali. "Umekuwa ukisema mvua tangu enzi za Rais Hoover. Mimi nimepima nyasi. Mara mbili. Wale tisa watakufa kwa njaa mwezi wa pili, wamelala kwenye mavi yao, na wewe utakuwa unawainua kwa mkia kila asubuhi. Umesahau mwaka jana kwa kina Tveit?"

Hakuwa amesahau. Ng'ombe wa Tveit walikuwa wamekula mikia yao. Aliondoka mezani bila kula, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba mjinga huyu aliyeua ng'ombe asiyepaswa kuuawa alikuwa amepima nyasi sawasawa.

Kesho yake alivaa koti la kanisani, akamfunga farasi kwenye gari dogo, akaenda mjini kwenye ofisi ya kaunti. Alisubiri kwenye benchi tangu asubuhi hadi mchana pamoja na wakulima wengine waliokuwa wakitazama sakafu. Delbert Prouty alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, mwenye viatu vifupi vya mjini na pua iliyobabuka kwa jua. Alimkumbuka.

"Wewe ndiye uliyenyima kahawa."

"Ndimi. Nimekuja kubadilisha ng'ombe."

Alimweleza. Aliongea Kiingereza chake cha jikoni, polepole, na pale neno lilipokosekana alionesha kwa mikono kiwele kilivyo. Prouty alisikiliza hadi mwisho, lazima isemwe, kisha akafungua faili.

"Mama, karatasi imekwisha kwenda Fargo. Hapa imeandikwa, wanaobaki ni mweusi mnene mmoja, na mwekundu mwenye pembe za njano. Wa kuuawa na kufukiwa korongoni ni tisa, wote wamekonda, hawawezi safari. Nikimtoa aliyekonda nikamtia mnene, mkaguzi ataniuliza kwa nini serikali imempiga risasi ng'ombe mzima."

"Mwambie ukweli."

"Ukweli hauna mahali pa kuandikwa," Prouty alisema, na alimgeuzia fomu aione. Kweli hapakuwa na mahali.

"Basi mpeleke huyo mnene kwa treni."

"Treni imeondoka jana. Nyingine sijui."

"Kwa hiyo kwako Dagros amekwisha kufa."

"Ndivyo ilivyo kwenye karatasi."

Sigvor alisimama akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja. "Nilimwambia shemeji yangu nyinyi mnakuja mkiwa mmechelewa," alisema. "Sikujua kwamba mkishafika ndiyo mnakuwa na haraka."

Alhamisi, siku waliyopangiwa ng'ombe kuuawa, aliamka saa kumi alfajiri akawakamua wote waliokuwa na maziwa, wenye rangi na wasio na rangi, akawafuta viwele kwa kitambaa kama siku yoyote. Kisha alifanya jambo ambalo hakumwambia Anfin. Badala ya kuwaacha kwenye uwanja karibu na pampu ya upepo, alifungua lango la kaskazini akawatoa kwenye malisho ya mbali, nusu maili ya ardhi tupu isiyo na kivuli, akawachapa makalio waende. Wanaotaka kuwaua wawatafute.

Wanaume walifika saa tatu, wanne pamoja na Prouty. Wawili walikuwa wageni kutoka upande wa reli. Wa nne alikuwa Halvard Lunde, jirani yake wa miaka thelathini, aliyekuwa akikaa kiti cha mbele yao kanisani. Kwenye kilima juu ya korongo lilikuwapo pia gari la farasi lenye mwanamume na mwanamke na watoto, na mabeseni na visu. Hawakumsalimia mtu. Walikuwa wanasubiri.

Sigvor alimfuata Halvard hadi kwenye seng'enge.

"Halvard. Majira ya baridi kanisani ulisimama ukasema serikali ikae kando, mkulima ajitegemee. Mchungaji mwenyewe alitikisa kichwa kukubali. Leo umeshika bunduki yake."

"Bunduki ni yangu," Halvard alisema bila kumtazama. "Risasi ndizo za serikali."

"Na mshahara?"

"Mshahara wa siku moja. Wangu waliuawa Jumatatu, Bi Sigvor. Kumi na wanne. Mkono wa mtu mwingine ulitetemeka, akawapiga vibaya. Nikasema wa jirani nitawapiga mwenyewe. Sasa nitukane."



Wanaume walitoka na farasi mmoja na mbwa. Ng'ombe wale walikuwa hawajawahi kuswagwa na mbwa maisha yao yote. Walipomwona, waliinua mikia, wakatawanyika kila mmoja upande wake, na wale dhaifu ambao karatasi ilisema hawawezi safari walikimbia kwa nguvu ambayo hakuna aliyejua wanayo. Mtamba mmoja aliingia kwenye seng'enge akakwama. Wageni wale wawili wakachoka kukimbia. Mmoja akapiga goti, akalenga kwa mbali.

Risasi ilimpata Litago kwenye taya. Hakuanguka. Alizunguka papo hapo, akitikisa kichwa kana kwamba ana nyuki sikioni, na kile kilichokuwa kinatikisika chini ya kichwa hakikuwa kimeshika vizuri. Kisha akaanza kulia. Ng'ombe analia kwa njia nyingi na Sigvor alizijua zote, ila hiyo hakuijua.

Halvard alikimbia hadi pale akammaliza. Halafu alimgeukia yule mgeni, akamnyang'anya bunduki, akaitupa kwenye mbigili, na wote wawili wakaanza kusukumana na kutukanana kwa lugha mbili.

Sigvor alisimama langoni akishika chuma cha lango alilolifungua mwenyewe alfajiri. Anfin alikuwa amemfikia. Aliangalia lango, akamwangalia shemeji yake.

"Ni wewe uliyewatoa huku," alisema.

"Ni mimi."

 

Prouty alikuja akitembea, hakimbii, uso wake mweupe isipokuwa ile pua. Kiatu kimoja kilikuwa na mavi. "Mama," alisema, "huyu mzee ananiambia wanakuja ukiwaita."

"Wanakuja."

"Waite. Nakuomba. Vinginevyo itakuwa hivi hivi hadi jioni."

"Badilisha karatasi."

"Nimekwisha kukueleza."

"Nawe umeona," alisema, akanyoosha kidole pale Litago alipokuwa. "Dagros anabaki, Svartros anakwenda. Baada ya hapo nitawaita. Karatasi yako iandike unavyotaka. Andika mimi ni kizee kichaa, niliwachanganya. Hapo pana mahali?"

Prouty alitazama malisho. Wale watu wa kilimani walikuwa wamesimama sasa, wanachungulia. Alifuta mdomo kwa mkono.

"Nitasema nilikosea mimi," alisema mwishowe. "Rangi iko kwenye gari. Lakini mimi simpaki ng'ombe mzima kwa mkono wangu. Kama unamtaka huyo afe, mpake wewe."

Svartros, mzito kama alivyokuwa, alikuwa hajakimbia mbali. Alikuwa amesimama kwenye kivuli chembamba cha nguzo, akihema. Sigvor alimwendea na kopo na brashi. Svartros alimnusa mkono, akitafuta chumvi. Alikuwa mpole siku zote. Hata ndama alipotoka kinyumenyume mwaka ule wa mwisho hakumpiga mtu teke. Sigvor alichovya brashi. Rangi ilikuwa nzito kwa joto, haikuenea vizuri kwenye manyoya meusi, ikambidi apake mara mbili. Ikamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Angalau huyu ana nyama," Halvard alisema nyuma yake, kwa sauti ya chini, akimaanisha wale wa kilimani.

"Nyamaza, Halvard."

Kisha aliweka kopo chini akaenda kusimama juu ya kituta, mahali walipozoea kumwona. Sauti ile alifundishwa na mama yake, aliyeitumia milimani kuita ng'ombe kutoka bonde la pili. Haina maneno, ila majina tu mwishoni. Inapanda juu kabisa, pale ambapo sauti ya kawaida ya mtu huvunjika, ikakaa huko. Haiwezi kutoka ukiwa na hasira, koo hujifunga. Alijaribu mara ya kwanza ikatoka kama mlango mbovu. Mmoja wa wageni alicheka. Alifumba macho. Kwa miaka arobaini sauti ile ilikuwa na maana tatu tu kwa ng'ombe wowote aliowafuga: maji, chumvi, au kukamuliwa. Hakuwahi kuwaita kwa jambo jingine.

Mara ya pili ilitoka.

Mbali kule, vichwa viliinuka. Wa kwanza kugeuka alikuwa Dagros, kama ilivyokuwa kila siku, na alipogeuka yeye wengine walimfuata, hata yule mtamba aliyejichana kwenye seng'enge, hata Gullhorn ambaye hakuhusika. Walikuja kwa mstari mmoja kwenye njia yao ya zamani, wakitikisa vichwa, vumbi likipanda nyuma yao. Wanaume walirudi nyuma kuwapisha. Mmoja alivua kofia, sijui kwa nini.

Anfin alimkamata Gullhorn pembe, akamvuta pembeni. Sigvor alimtia Dagros kamba shingoni.

"Mtoe sasa," Anfin alisema. "Mpeleke zizini."

"Nikimtoa, wengine hawatashuka korongoni."

Anfin alielewa baada ya kidogo, na uso wake ukabadilika. Ng'ombe wale walikuwa wakimfuata Dagros. Mtu yeyote aliyewahi kuwaswaga kutoka majini alijua hivyo, na kwa kuwa Anfin hakuwahi, alijifunza sasa. Sigvor alitangulia na kamba, Dagros nyuma yake, na nyuma ya Dagros wengine wote pamoja na Svartros, wakashuka korongoni kwa utaratibu kama watu wanaoingia kanisani. Chini kulikuwa na shimo lililochimbwa, udongo wake mbichi ukinuka unyevu. Ng'ombe waliusikia unyevu wakaongeza hatua. Walidhani ni maji.

Alimpitisha Dagros kando ya shimo, akapanda naye upande wa pili wa korongo. Hakugeuka. Halvard alisubiri hadi wafike juu, halafu akaanza.

Alipiga vizuri. Risasi moja moja, bila haraka, na kati ya moja na nyingine palikuwa na nafasi ya kutembea hatua kumi. Kwenye risasi ya kwanza Dagros alisimama, akageuza kichwa. Kamba ilikaza. Sigvor alivuta, ng'ombe hakutaka. Walikaa hivyo, mmoja akitazama nyumbani na mwingine akitazama nyuma, hadi ya mwisho ilipolia. Ndipo Dagros akakubali kuvutwa.

Saa kumi na mbili jioni jua bado lilikuwa juu, kama lilivyo kule mwezi wa saba. Sigvor alikuwa ameosha mikono kwa mafuta ya taa na sabuni ya magadi hadi ngozi ikawaka, na ile alama nyongani mwa Dagros ameisugua hivyo hivyo. Ilikuwa imebaki waridi. Gullhorn alikuwa upande wake wa zizi, anatafuna. Nafasi tisa kati yao zilikuwa na nyasi safi ambazo Anfin alizitandika asubuhi kwa mazoea.

Alikaa kwenye kigoda, akaegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe. Kiwele kilikuwa kimejaa, kigumu, moto. Alikipapasa kwa kiganja kama anavyofanya ndama kwa pua. Akashika chuchu mbili za mbele, akavuta. Hakikutoka kitu. Akahamia za nyuma. Hakikutoka kitu.

Anfin alikuwa mlangoni. Hakuingia.

"Vipi?"

"Ameyabana."

"Inawezekana?"

"Inawezekana. Ng'ombe akitaka, anayabana."

"Kwa muda gani?"

"Hilo Prouty hana kwenye karatasi?"

Anfin alivumilia. Alikuwa ameshika kikombe cha kahawa, na ilichukua muda kabla Sigvor hajatambua kwamba alikuwa amemletea yeye. Alikiweka juu ya ubao, mahali ambapo angeweza kukifikia bila kuinuka.

"Yasiposhuka?"

"Kiwele kitaoza. Halafu mimba itatoka. Halafu utakuwa na ng'ombe mmoja mkavu na nyasi za ng'ombe wawili."

"Nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Simama hapo hapo. Usimsogelee, ananusa baruti kwako."

"Mimi sikushika bunduki."

"Hata mimi sikushika," Sigvor alisema. "Ananusa kwangu pia."

Alirudisha paji la uso ubavuni. Alisikia chakula kikipanda na kushuka tumboni, na nyuma yake kitu kingine, moyo, ukienda mbio. Hakuimba. Aliweka mikono kwenye kiwele bila kuvuta, akaiacha ipate joto, akangoja, ndoo tupu kati ya magoti. Ngozi ya Dagros ilitetemeka begani, mara moja, tena mara moja, kama ya ng'ombe anayefukuza nzi, ingawa zizini hapakuwa na nzi hata mmoja. Nzi wote siku ile walikuwa korongoni.